Kisu cha Ngariba Mnadani Ingleburn

Tulikuwa tumeshaiacha nyuma Auburn, mtaa wetu huku ughaibuni, gari liko barabara kuu ya kusini, ndipo Mzee Mugambi akauliza tunakwenda kununua nini hasa. Alikuwa amepanda bila kuuliza. Ndivyo alivyo. Watu wa ushirika wetu wa maombi wakimwambia twende, anavaa koti, anachukua kofia, anakuja.

"Kisu," akasema Wekesa. Yeye ndiye aliyeshika usukani.

"Kisu? Watu wanne na petroli yote hii, kwa kisu? Si vimejaa pale kwa Mturuki wa nyama?"

Peninah, aliyekaa naye kiti cha nyuma, akacheka. Wekesa hakucheka. Huyu Wekesa ni muuguzi, mtu wa Chwele kule Bungoma, na siku nyingine ni mtu wa utani. Siku hiyo alishika usukani kama mtu aliyeshika kamba ya fahali asiyemwamini.

"Ni cha babu yangu," akasema. "Babu alikuwa ngariba. Kabla ya Uhuru afisa mmoja Mzungu alikiomba akitazame. Akakitazama mpaka kwao. Sasa nimekiona kwenye picha za mnada. Mpini umefungwa waya wa shaba, na ncha imemeguka upande. Nilimtumia baba mkubwa ile picha. Alilia kwenye simu, mzee wa miaka themanini."

"Pole. Lakini kisu kimekaa huko miaka sitini. Haraka ya nini?"

Nikajibu mimi. Mdogo wake ameshikwa. Kwao Wabukusu ungariba si kazi ya kuomba, unakuja wenyewe na kukukamata. Mtu anatetemeka, hali, halali, mpaka akubali na akabidhiwe visu vya ukoo. Kijana alishakubali. Visu vingine vipo, ila wazee wamesema bila hiki cha babu hawezi kutulia. Na msimu wa jando ni Agosti hii. Ukipita, unangoja miaka miwili.

"Hospitali wanasemaje?" Peninah akauliza. Naye ni muuguzi.

"Wamepima kila kitu. Hawaoni kitu." Wekesa akatazama kioo cha pembeni. "Mimi ni mtu wa kanisa, nimesomea dawa. Lakini juzi alinipigia kwa video sikumjua. Nilidhani ni baba, na baba alishakufa. Hamalizi miaka miwili yule. Sidhani kama atamaliza huu mmoja."

Mugambi hapendi kimya. Akanigonga bega kutoka nyuma.

"Na wewe Owuor, Mjaluo mzima, visu vya jando unavijulia wapi?"

"Sisi hatutahiri, ila mimi niling'olewa meno sita ya chini, Mzee, bila kulia. Nyinyi mlikatwa mahali pamoja tu mkaringa maisha yote."

"Wazee!" Peninah akapiga kelele. "Mimi niko humu ndani!"

Hapo hata Wekesa alitabasamu. Kisha akatuambia mpango. Alikuwa na dola elfu mbili na mia tano, zake na mchango wetu wa ushirika. Juu ya bei ya mwisho, ile inayogongewa nyundo, wenye mnada wanaweka ada yao, robo nzima. Kwa hiyo mwisho wake ni elfu mbili, hapiti hata senti. Na hakuwa na pa kukopa tena, matibabu ya mdogo wake yalishamkausha.

"Kwa hiyo mtulie tu," akasema. "Msijisumbue. Niacheni mwenyewe."

Mugambi akaitikia, "Sawa, kijana wangu," kwa sauti ya upole sana. Mimi nikadhani ameelewa.

Niseme kidogo huyu mzee ni nani. Alikuwa amekuja kutoka Meru kumtembelea binti yake, Nkatha, ambaye alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Kwao ni mzee wa kanisa, na sifa yake kubwa ni mnada wa mavuno, ule wa kuchangia kanisa. Jogoo mmoja, Mugambi akiwepo, huleta pesa za mabati ya paa zima. Ilikuwa bado miezi miwili mjukuu azaliwe, na yeye alikuwa anahesabu.

Mnada ulikuwa kwenye ghala moja upande wa viwanda, Ingleburn, bati juu na saruji chini, baridi ya Julai inapanda kutoka kwenye soli za viatu. Bunduki zilikuwa ukutani zimefungwa mnyororo, na bila leseni hata kuzisogelea huruhusiwi. Meza zilijaa singe, mapanga ya maofisa, nishani, kofia za chuma, barua za wanajeshi waliokufa zamani. Harufu ya mafuta ya bunduki na kahawa. Wanunuzi wengi walikuwa wanaume wa umri wangu, wanaongea polepole, wanageuza visu kwenye mwanga kama wanawake wanavyogeuza vitambaa.

Mlangoni msichana aliuliza kila mtu kama anajiandikisha. Mugambi akasema yes, akatoa pasipoti, akapewa kadi yenye namba. Akaishika kifuani, amefurahi. Nilidhani anadhani ni tiketi ya kuingilia.

Kisu chetu kilikuwa ndani ya kabati la kioo pamoja na vitu vingine vya Afrika. Kidogo. Ningekipita njiani nisikiokote. Wekesa aliinama mpaka pumzi yake ikaandika ukungu juu ya kioo.

"Ndicho?" nikauliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

Kando yetu akaja mzee mmoja wa Kizungu mwenye fulana ya kijani. Akatusalimia vizuri tu. Akasema ana ukuta nyumbani, visu vya dunia nzima, kila nchi kimoja, na Kenya ndiyo pengo lake. Alisema hivyo kwa furaha, kama anayekuonyesha picha za wajukuu. Wekesa akaondoka bila kumjibu.

Mimi nimechunga kondoo New Zealand, minada ninaijua. Nikamwambia Wekesa, kaa mbele, na usigeuke nyuma hata iweje. Ukimtazama unayeshindana naye, anaisoma hofu yako. Tukakaa mbele, Peninah katikati yetu. Mugambi alisema magoti yake yanataka joto, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na hita.

Walipofika kwenye fungu letu, dalali akalisoma haraka haraka: kisu, Afrika Mashariki, mpini wa waya. Akaanzia mia mbili. Fulana ya kijani akainua kadi. Wekesa akainua. Mia tano. Mia nane. Wengine wawili wakaingia, wakatoka. Ilipofika elfu moja wakabaki wao wawili tu, na dalali akawa anageuza uso kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetazama tenisi.

Elfu na mia tano. Kijani akafikiri kidogo. Elfu na mia saba. Wekesa akainua kabla dalali hajamaliza kutamka.

"Elfu na mia nane, kwa bwana huyu wa mbele."

Kijani akakuna shingo. Akatazama kadi yake. Akaiweka juu ya goti, akatikisa kichwa.

Peninah akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Mara ya kwanza," akasema dalali. "Mara ya pili." Nyundo ikapanda. Halafu macho yake yakaruka juu ya vichwa vyetu. "Mpya huyu. Nyuma kabisa. Elfu na mia tisa."

Shingo ya Wekesa ikakakamaa. "Ni nani?" akanong'ona.

"Usigeuke," nikamwambia.

"Owuor, ni nani?"

"Usigeuke. Toa yako ya mwisho, labda ataogopa."

Akainua kadi. Elfu mbili. Dalali akatazama nyuma. Hapo ndipo tukasikia sauti, sauti ya mimbarini, Kiingereza cha Meru:

"Four thousand!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga mluzi. Mimi nikageuka. Mzee Mugambi alikuwa amesimama karibu na hita, kofia mkono mmoja, kadi mkono mwingine, uso unang'aa kama wa bibi harusi. Nikafungua mdomo. Nyundo ilishaanguka.

Akatujia katikati ya viti, mikono imefunguliwa.

"Tumeshinda! Umemwona yule wa fulana? Amenywea! Alidhani uko peke yako!"

Wekesa alikuwa ameinamia kadi yake.

"Baba Nkatha," Peninah akasema taratibu, "umefanya nini?"

"Nimemwinua kijana. Ningemwacha? Mtu anasimama mbele ya wageni anatoa peke yake, kama hana watu?"

"Alisema tumwache!"

"Sasa mlitaka aseme nini? Mtu mwenye adabu zake husema niinueni?"

Ikabidi nimketishe nimuulize vizuri. Kwao, kijana akisimama kumnunulia mama yake jogoo kanisani, wenzake wanapanda juu yake, na kila anayepanda analipa ile aliyoongeza. Zote zinakusanywa pamoja. Mzee anafunga kwa kishindo, na jogoo anapewa kijana. Na kile kishindo ni ahadi, analipa akivuna. Kwa hiyo hesabu ya Mugambi ilikuwa nyepesi: Wekesa elfu mbili, yeye elfu mbili, zilipwe baada ya kuvuna miraa yake Desemba.

"Hapa hakuna ahadi, Mzee," nikamwambia. "Na zako hazikuungana na zake. Umemnyang'anya."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka vile.

Ofisini mama wa malipo alikuwa na adabu lakini hakulegeza sharti. Elfu nne na ada, jumla elfu tano. Mnunuzi ni mwenye kadi, si mwingine. Ofisi inafungwa wakifunga mnada. Bila malipo leo kisu kinarudi stoo mpaka mnada wa Novemba, isipokuwa mnunuzi ajitoe sasa hivi, na hapo wao ndio watakaoamua wamuuzie nani kati ya waliobaki. Fulana ya kijani alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole kwamba kama hivyo ndivyo, yeye bado yupo, ameona kina thamani kuliko alivyodhani, na analipa elfu tatu papo hapo.

Wekesa akaweka zote alizo nazo juu ya meza. Peninah akatoa mia nne, zote zilizobaki za mshahara wake wa wiki. Mimi nilikuwa na tiketi ya basi na sarafu.

"Basi," Wekesa akasema. "Mwambie unajitoa, Mzee. Yaishe. Kama ni kufa atakufa."

"Sijitoi."

"Mzee, nakuomba. Umeshaniharibia. Usinitie na aibu."

"Kisu kimeniangukia mimi," Mugambi akasema. "Peninah, nipigie Nkatha."

Simu ikawekwa sauti ya wazi mezani, kwa sababu Mugambi hasikii vizuri. Nkatha alikuwa kazini, hospitalini. Mugambi akamweleza. Nkatha akaanza kwa Kiingereza, maana hasira zake ni za Kiingereza, na mama wa malipo akainamisha macho.

"Ile pesa uliyoniwekea ya kuongeza muda wa visa," Mugambi akasema. "Na ya bima. Itoe."

"Baba, hiyo ni ya wewe kukaa mtoto azaliwe."

"Najua ni ya nini."

"Ukiitoa unaondoka Agosti. Nitajifungua peke yangu. Umesikia? Peke yangu, Baba, kwa sababu ya kisu cha watu!"

Nje dalali alikuwa anamaliza mafungu ya mwisho, nyundo inagonga upesi upesi. Wekesa akanyoosha mkono aikate simu. Mugambi akamshika kiganja, akakibana pale juu ya meza.

"Nkatha. Nilimpandia mtu wangu juu mbele ya watu. Nikirudi nyumba ile nitambariki mtoto kwa mdomo gani?"

Tukasikia kengele za wodini kule aliko, mtu anamwita. Kisha akasema, sauti imekauka, "Mpe simu huyo mama."

Akasoma namba za kadi yake ya benki mara moja tu, kwa zile elfu mbili na mia moja zilizopungua. Mashine ikafikiri. Ikakubali.

Fulana ya kijani akavua kofia, akatupisha mlangoni. Tukarudi garini. Kisu kilikuwa mapajani mwa Mugambi, kimefungwa gazeti, na yeye amekifunika kwa mikono miwili.

Mugambi aliondoka Agosti mwanzoni, kisu ndani ya sanduku, na risiti ina jina lake. Kutoka Nairobi alipanda basi mpaka Chwele, akakikabidhi mikononi mwa baba mkubwa wa Wekesa. Mzee yule alikitambua. Mdogo wake Wekesa alilala siku ile mpaka kesho yake jioni. Msimu ule alitahiri, ila kwa wembe mpya kila kijana, kama serikali inavyotaka. Kisu kilishikwa tu. Kijana bado ni mwembamba. Nkatha alijifungua mtoto wa kike Septemba, Peninah akiwa naye chumbani. Mugambi hajamshika mjukuu huyo mikononi, anamwona kwa simu. Nkatha na Wekesa hawasalimiani, ingawa Wekesa anamrudishia pesa kila mwezi na yeye anazipokea. Peninah amehamia Seven Hills. Fulana ya kijani sijui habari zake. Mimi niko Kalgoorlie, nalinda geti la karakana.