Mwanapunda Aliyenyolewa

Siku ya tatu tangu azaliwe, mwanapunda wa Nabwile aliamka miguu yote minne ikiwa haina manyoya, kuanzia magotini kwenda chini. Nabwile alikuwa akiwasha jiko nje ya kibanda chake katika mtaa wa Kipsongo, mjini. Ngozi ilikuwa imechubuka kidogo kwenye vifundo. Manyoya yenyewe yalikuwa yamekusanywa kando ya ukuta, kirundo kidogo safi, kama wanavyofanya kijijini kwao Naitiri wakimaliza kunyoa wafiwa.

Kemboi, daktari wa mifugo, alikuja na buti zake akapiga magoti kwenye tope.

"Mara nyingi ni kuhara. Kinyesi inachoma ngozi. Ama hii matope yenu." Akapitisha kidole mguuni, juu na chini. "Lakini huyu amenyolewa. Na wembe mpya."

"Mimi sina wembe, daktari."

"Si nimesema ni wewe?" Akacheka kidogo, akampa kopo la mafuta, apake asubuhi na jioni na amlaze pakavu. Kisha akaenda zake. Kulikuwa na ng'ombe wa kuzalishwa Kiminini.

Nabwile alikalia mtungi wake wa plastiki wa maji akawaza. Mama wa mwanapunda alinunuliwa na Mukhisa, mumewe, na mwaka jana Mukhisa alipozikwa, punda huyo alikuwa na mimba changa. Siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa walinyolewa uani, mmoja mmoja, na mzee wa ukoo akaandika majina. Aliyenyolewa ndiye mfiwa, na mfiwa ndiye anayegawiwa shamba. Zamu ya Nabwile ilipofika, shemeji yake Wakoli alisema wembe umeisha. Wembe, jamani! Duka lilikuwa pale pale barabarani. Hakuna aliyetumwa. Kesho yake Wakoli alilima mpaka ukingoni mwa kaburi, akapitisha jembe katikati ya maharagwe ya Nabwile. Nabwile akaondoka na punda, kwa kuwa punda hakuna aliyemkumbuka, na tangu hapo walikuwa wakiuza maji wote wawili.

Sasa, kama mnyama aliyefiwa angali tumboni amenyolewa, kikao cha ukoo lazima kiitwe. Jumamosi aliwapakia punda na mtoto wake kwenye lori la mahindi lililokuwa likirudi Naitiri tupu. Njia nzima alikuwa akiyapanga maharagwe yake upya kichwani, mstari kwa mstari.

Mzee Absalom, yule aliyeandika majina ya wafiwa, alivaa miwani akaipapasa ile miguu bila haraka. Ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye viti vya plastiki.

"Huyu ni mfiwa," akasema. "Na amenyolewa vizuri kuliko Wakoli. Wakoli alikatwa sikio."

Watu wakacheka. Wakoli hakubisha, mila ni mila. Alimletea mwanapunda maji kwa beseni.

"Anaitwa nani?"

"Bado sijampa jina, mzee."

"Basi ni Mukhisa. Jina ya mtu haipotei." Akaandika. Kisha akasoma mgao: Mukhisa mdogo apewe kona ya kaburi mpaka mtoni, ile iliyokuwa ya maharagwe. Wakoli alikwenda mwenyewe kung'oa mahindi yake pale.

Nabwile akasimama. "Na mimi je?"

Absalom akafungua kurasa za nyuma za daftari, kweli akatafuta, mstari kwa mstari. "Mayi, mama yetu, jina yako haiko. Ulinyolewa wapi?"

"Wembe uliisha, mzee. Ulikuwepo."

"Ndiyo. Hata hapa nimeandika: wembe iliisha." Alisikitika, masikini, alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Na huyu bado ananyonya," Wakoli akasema kwa upole. "Mama yake abaki. Ama unataka mtoto alale njaa, shemeji?"

Hakutaka. Matusi ya mwaka mzima aliyokuja nayo hayakumfaa kitu. Alichuchumaa, akaipaka ile miguu mafuta kwa mara ya mwisho, akampa Wakoli kopo. Asubuhi na jioni, akamwambia. Pakavu. Kisha akaenda kusimama barabarani bila punda, bila maji ya kuuza kesho.

Aliporudi Kipsongo alipita moja kwa moja kwa kinyozi.

"Style gani, mathe?"

"Nyoa yote. Na wembe."

Kijana alikuwa na pakiti nzima ya nyembe. Alimnyoa polepole, vizuri, hakumkata popote. Alipomaliza, Nabwile alibaki amekaa.

"Huandiki jina?"

"Jina ya nini, mathe? Hapa ni kunyoa tu."

Kijana akachukua ufagio, akazifagia nywele za Nabwile pamoja na za wateja wa asubuhi, akazimwaga mtaroni.