Kiti cha Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Mume wangu Morgan husema nilizaliwa na pilipili mkononi. Lakini hata mimi, Mutanu, mwenye mdomo wa kuwanyamazisha madereva wa malori wa Shimanzi nzima, mbele ya Mzee Chonga nilikuwa kondoo. Mzee Chonga ni babake Morgan, na kwetu Ukambani mkaza mwana hana mzaha na baba mkwe. Hampi mkono. Hakai pale anapokaa yeye, iwe ni kitini, kitandani au juu ya jiwe la njiani. Wala hamtaji jina, na kama nalitaja hapa ni kwa sababu naandika. Mdomoni mwangu halijapita hata mara moja.

Nikaolewa kwa Wagiriama nikidhani nitapumua, kumbe nimeingia nyumba yenye msimamo ule ule. Mzee akitaka kuniambia neno humwambia Morgan, hata nikiwa nimesimama papo hapo na sahani mkononi. "Morgan, mwambie Mama Joy chumvi imezidi." Morgan hugeuka, ananiambia chumvi imezidi, nami humwambia Morgan amwambie baba yake kwamba nimesikia. Wageni hutuona wendawazimu. Sisi twaona raha.

Huyu mzee ujana wake wote aliendesha trekta bandarini Kilindini, akivuta matela ya mizigo. Alipostaafu alinunua mnadani trekta la zamani, jekundu enzi hizo, sasa rangi yake ni ya chungu. Tukaliita Shangazi, kwa kuwa lina kelele, lina kiburi, na lilipokuja kwetu halikuondoka tena. Shangazi anakaa Shimanzi, hapa Mombasa, katika uwanja wa godauni anakofanya kazi Morgan. Kiti chake ni cha chuma, chenye matundu kama kijiko cha kuchujia, na juu yake kuna mto ambao Mama Mbodze, mama mkwe wangu, alimshonea mumewe kwa leso kuukuu. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Mzee alikwisha apa kwamba atakayekaa pale akaanze kwanza kumzika yeye.

Shamba letu liko Kaloleni, lakini mahindi hatuyapukuchulii huko. Kule ni udongo mtupu, na Shangazi hawezi tena safari ya barabara kuu. Pale Makupa tu angezua msongamano ukafika Changamwe. Basi mahindi ndiyo yanayomfuata yeye. Kila mavuno lori huteremka na mahindi yakiwa kwenye magunzi, yanamwagwa juu ya turubai kwenye sakafu ya saruji, mashine ya kupukuchulia inafungwa kwa mkanda mrefu kwenye gurudumu la ubavuni mwa Shangazi, na familia nzima inaivamia Shimanzi na masufuria yake. Makuli hutucheka, ati hawa wenzetu wanavuna mjini. Wakimaliza kucheka hukaa wakanywa chai yetu na mahamri.

Mwaka huu tuliyangojea mavuno kwa moyo wote. Ukame ulikuwa umetunyoosha msimu baada ya msimu, na Mama Mbodze hakuwa amevuna gunia la maana tangu Joy wetu akiwa wa kubebwa, na Joy sasa anakwenda shule. Safari hii mvua ilikuja kwa wakati wake na mahindi yakabeba. Mama Mbodze alikuwa akiyashika magunzi na kuyarudisha, akiyashika na kuyarudisha, kama mtu asiyeamini. Lakini lori lilinyeshewa njiani, pale Mazeras. Mahindi yalifika na unyevu, na yakilala hivyo hadi kesho yangeota kuvu, na mahindi ya kuvu hayaliwi wala hayauzwi. Ilikuwa lazima yapukuchuliwe siku ile ile na punje zitandazwe ndani ya godauni. Na upande wa Likoni wingu lilikwisha jikusanya.

Sasa ndipo goti la kushoto la Mzee lilipoamua kustaafu nalo. Aliteleza sokoni Marikiti akichagua parachichi, na goti likavimba likawa kama fenesi changa. Goti la kushoto ndilo la klachi. Na kazi ya mkanda si ya kuwasha trekta ukaenda zako kunywa chai: mtu hukaa kitini mwanzo hadi mwisho, mguu kwenye klachi, mkono kwenye mafuta, kwa maana mashine ikikabwa na magunzi na wewe hujakanyaga, mkanda unaruka, na unaporuka hauchagui wa kumpiga.

Mzee aliketishwa kwenye kreti la soda, goti limefungwa leso, fimbo mkononi. Kando yake alikaa rafikiye Masha, kuli wa zamani, mwenzake wa bandarini na mtani wake mkubwa.

"Ngoja niendeshe mimi, baba," alisema Morgan.

"Wewe? Wewe ni mwanangu, na mtoto akiwa na shida hufumbiwa macho," alisema Mzee. "Lakini usiguse mto. Simama."

Morgan akasimama akaendesha. Shangazi akakohoa, akaruka mbele, akazima. Akawashwa tena, akazima tena. Mara ya tatu mkanda ulilegea ukaanguka sakafuni kama nyoka aliyechoka, na mume wangu akashuka akisema trekta hili ni chuma chakavu, alishauri liuzwe kitambo. Mimi nampenda Morgan, lakini mashine na yeye hawajawahi kusalimiana.

Akaitwa Griffins, dereva wa lori lililoleta mahindi, kijana mwenye miwani ya jua na maneno mengi. Mzee aliugua moyoni, hilo nililiona usoni, lakini akatikisa kichwa kwamba sawa, mradi naye asimame. Griffins akasema lori lake lina magurudumu kumi na manane, atashindwaje na kakitu haka. Akaachia klachi kwa nguvu za lori. Mkanda uliruka, ukapita juu ya kichwa cha Masha, ukaipiga sufuria ya chai ya Mama Mbodze, chai yote ikamwagika, na kofia ya Masha ikaonekana baadaye chini ya lori.

"Chonga!" Masha alipiga kelele akijipapasa kichwa. "Waniua ili nani akuzike?"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kisha tukanyamaza, kwa sababu upepo ulianza kunuka mvua, na mahindi yalikuwa pale pale. Mama Mbodze alikuwa ameinama juu ya turubai akiyafunika kwa leso yake mwenyewe, leso moja kwa mlima ule wa mahindi. Ndipo hasira ikanipanda. Kwa sababu mimi najua kuendesha trekta la namna ile. Baba yangu, kule Makueni, alikuwa nalo, ndugu yake Shangazi kabisa, na ni mimi niliyekuwa nikikaa kitini tukipura pojo, wakati kaka zangu wamekwenda kucheza mpira. Morgan ajua. Mama Mbodze ajua. Na Mzee ajua pia.

"Morgan," nilisema, "mwambie baba kwamba mimi naweza."

Morgan akageuka. "Baba, Mama Joy asema yeye aweza."

"Mwambie najua aweza. Lakini akae wapi?"

Hapo tukakwama. Si kwamba aliniona mwanamke nisiyefaa, la. Aliniheshimu, na mimi nilimheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyokaa katikati yetu kama gari bovu barabarani. Kiti ni chake. Mimi ni mkaza mwana. Nikikikalia mbele ya watu wale, habari ingefika Kaloleni kabla ya mahindi, na Makueni kabla ya jua kuchwa, na mama yangu angetaka kujua alinizaa au aliniokota.

Mama Mbodze akasema tutoe mto tuweke leso mpya. Mzee akasema kiti si mto. Griffins akasema tukifungue kiti chenyewe tuweke kreti. Akaleta spana, akahangaika, lakini zile bolti zilikuwa zimeoana na kutu, hazikutaka talaka. Nikasema basi nitasimama. Nikapanda, nikashika usukani, nikakanyaga klachi nimesimama mguu mmoja mfano wa korongo. Shangazi alinguruma vizuri, mkanda ukazunguka, watu wakashangilia, Mama Mbodze akamimina mahindi ya kwanza mdomoni mwa mashine. Mashine ikakabwa. Nikakanyaga, lakini mtu aliyesimama hana nguvu ya klachi ile, na nikaona mkanda ukianza kutambaa kando. Nikazima haraka. Nikashuka kwa ghadhabu.

Tone la kwanza la mvua liliniangukia puani.

"Chonga," alisema Masha, safari hii bila utani, "lisilo budi hutendwa."

Mzee Chonga alimtazama mkewe, aliyekuwa amerudi kuyalalia mahindi yake. Kisha akalitazama trekta, kwa muda mrefu. Akajiinua kwa fimbo, akachechemea hadi kwa Shangazi, akaichomoa hendeli, ule mpini wa chuma wa kuwashia. Akaja nao mbele yangu. Hakunipa mkononi, kwa kuwa hatupeani mkono. Aliuweka chini, kwenye ukingo wa turubai, akarudi nyuma.

"Masha, shuhudia. Morgan, shuhudia, na wewe kijana wa miwani, shuhudia pia," alisema. "Trekta hili nimempa Mama Joy. Injini yake, magurudumu yake, kiti chake. Tangu sasa si langu. Mtu hukaa kwenye kiti chake mwenyewe, hakuna wa kumsema."

"Nimeshuhudia," alisema Masha polepole.

Mama Mbodze alipiga kigelegele kilichowatoa makuli kwenye magodauni ya jirani. Nami nikauokota ule mpini, ukiwa bado na joto la mkono wake, nikawasha, nikapanda, nikakaa. Haki ya Mungu, kile kiti kilikuwa kigumu!

Basi tukapukuchua. Nilimwamuru Griffins alete magunzi, akaleta. Nilimwamuru Morgan afagie punje, akafagia. Makuli waliokuja kwa kigelegele walibaki kwa kazi, wakafanya msururu wa kubeba magunia ndani ya godauni, wakiitikiana kwa ule mwito wao wa bandarini. Shangazi alinguruma chini yangu kama aliyekuwa akinisubiri, na kila mashine ilipotaka kukabwa nilisikia kwenye kiti kabla ya kusikia kwa sikio, nikakanyaga, nikaachia, tukaendelea. Mzee, kutoka kretini, alikuwa akipiga kelele: "Morgan, mwambie asizidishe mafuta!" Na Morgan, ufagio mkononi, akipiga kelele: "Usizidishe mafuta!" Na mimi nikipiga kelele kwamba nimesikia, nimesikia. Manyunyu yalikuja yakapita, yakaja tena. Mvua yenyewe ilipofika, kwa vishindo vyake vyote, punje zilikuwa zimetandazwa ndani, za manjano na safi, na Mama Mbodze amekaa katikati yake akila moja moja kama njugu.

Nilikuwa nimezima trekta na kushuka, tukangoja mvua ikatike. Nilikuwa na furaha ya kupindukia. Nikaufuta ule mpini kwa leso yangu, nikauweka chini mbele ya Mzee, kama alivyouweka yeye.

"Morgan, mwambie baba asante. Kazi imekwisha, mali yake hiyo hapo."

Morgan alitabasamu, akageuka kumwambia. Mzee akainua mkono kumzuia. Hakuutazama mpini.

"Mwambie si mali yangu."

"Baba, ilikuwa ni mbinu tu ya kupata kazi ifanyike," alisema Morgan. "Sote twajua."

"Mbinu?" Mzee alisema. "Sikiliza wewe. Nikikikalia kile kiti kesho, maana yake leo sikutoa kitu. Na kama sikutoa kitu, basi mkeo leo alikalia kiti cha mkwewe, mbele ya Shimanzi nzima. Wataka nimfanyie hivyo? Mimi? Mama wa mjukuu wangu?" Akakohoa. "Na kiti cha mkaza mwana mimi sikalii. Mwambie."

Morgan alinigeukia aniambie, na kwa mara ya kwanza tangu anioe, sauti haikumtoka. Haikuwa lazima. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeelewa pia, na nilijichukia kwa kuchelewa kuelewa: kwamba tangu alipouweka ule mpini kwenye turubai, mzee yule alijua hatapanda trekta lake tena mpaka afe. Alijua, akauweka. Nikalia pale pale, mimi ninayeogopwa na madereva, nikafuta kamasi kwa leso iliyojaa grisi. Mama Mbodze aliamka kutoka kwenye mahindi akaja kunishika bega.

"Morgan," nilisema, "mwambie baba nauliza, trekta langu nililaze wapi usiku huu?"

Mzee alifikiri, akafurahi kuulizwa, hilo lilionekana waziwazi. "Mwambie chini ya banda, upande wa pili wa barabara, lisinyeshewe. Lakini aangalie malori. Watu hawa hawana adabu."

Nikauokota mpini. Nikawasha, nikapanda. Lango lilipofunguliwa, barabara ya Shimanzi ilikuwa imejaa malori yenye makontena, kila moja likipiga honi, hakuna wa kumpisha mwenzake. Mzee Chonga alitangulia, akichechemea, akaingia katikati ya barabara na goti lake bovu, akainua fimbo juu akawasimamisha wote, mpaka nikavuka.