Kilio cha Pagona

"Kialbania? Mimi hata kuomba maji sijui," Gika aliwaambia wanaume waliokaa barazani kwake wakisubiri maziko. "Yule kibarua wangu Petriti namwonyesha kwa mikono tu, kama nyumbu."

"Mbona hata nyumbu wako ulikuwa unamsemesha Kiarvanite?" Sideri akamchokoza.

"Kiarvanite na Kialbania wapi na wapi? Sisi Wagiriki, bwana. Babu zetu wameimwagia damu bendera hii."

Wakatikisa vichwa kukubali, wote hao, ambao mama zao waliwabembeleza na kuwatukana kwa Kiarvanite, Kialbania kile cha kale cha vijiji vyao, tangu wananyonya.

Ndani, mama yake Gika alikuwa amelazwa katikati ya mishumaa. Stamata, dada yake, akamvuta pembeni.

"Kaka, aliomba jambo moja tu: aliliwe kwa lugha yake. Wanawake waliozijua nyimbo zile wamekwisha. Umebaki wewe."

"Kuomboleza ni kazi ya wanawake."

"Nani alikuwa akilala mapajani pa mama alipokuwa akililia misiba ya watu? Ubeti mmoja tu."

"Halafu baraza nzima inisikie? Na yule Mwalbania uani?"

Stamata akaenda kuchochea jiko la kahawa.

Padri akasoma Kigiriki chake, udongo ukaingia kaburini. Gika hakuhisi kitu. Aliona tu kwamba kamba ya kiatu cha padri imelegea. Watu wakanywa brandi, wakala ngano ya kuchemsha ya msiba, wakatawanyika.

Yeye akachukua kishoka akapanda msituni, kwenye misonobari aliyokuwa akiigema. Utomvu haujui matanga. Akakwangua gome, akagongelea bati, akatundika kopo. Akahamia mti mwingine. Akakwangua. Hapo mdomo ukafunguka wenyewe, bila kumwomba ruhusa, na ubeti ukatoka kwa Kiarvanite, mkavu kama kuni: mama, umefunga mlango na mkate bado uko tanurini, nani atautoa?

Machozi hayakuja. Akaanza wa pili.

Kijiti kikavunjika nyuma yake. Petriti alikuwa amesimama na ndoo, kofia ameikumbatia kifuani, na kwa sura yake hakuwa amefika sasa hivi.

"Mzee," akasema taratibu, kwa Kialbania, "kwetu marehemu huitwa kwa jina. La sivyo hajui kama analiliwa yeye."

"Pagona," Gika akajibu, kabla hajakumbuka kwamba hakupaswa kuelewa.

Petriti akaitua ndoo chini, akasubiri ubeti uendelee.