Chupa Hazirudishwi

Murielle hakuwahi kuingiza bia dukani kwake, mtaa wa Troyeville, bila kuionja, na safari hii, kati ya chupa sita za Ubelgiji alizoletewa na wakala wa bia, alichagua ile chachu kuliko zote. Ni lambiki, bia iliyolazwa miaka mitatu kwenye pipa la mbao. Wakala alimshauri achukue ile tamu ya matunda, eti watu wa mtaa huu hawataiweza hii. Murielle akamjibu kwamba anayeishi mtaa huu ni yeye, akaagiza kreti kumi.

Wiki haikuisha, chupa tatu zikarudishwa. Ya nne aliileta Bramwel, Mkenya wa benki anayekaa mtaa wa Observatory, ikiwa imepungua mafunda mawili tu. Aliishika mbali na suti yake kama nepi.

"Dada, hii imechacha. Nibadilishie."

"Imechukua miaka mitatu kuchacha. Wewe ulitaka ichache kwa siku ngapi?"

Emery, kaka yake Murielle, akamnong'oneza dada yake kwamba mteja ni mfalme, afadhali waziondoe tu. Murielle akamkazia macho. Kisha akaimimina bia ya Bramwel kwenye glasi, akainywa taratibu mpaka tone la mwisho, wala hakukunja uso.

Halafu akazitoa chupa zote za lambiki kwenye rafu ya nyuma, akazipanga dirishani, barabara nzima izione. Juu yake akabandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene:

IMECHACHA. TUNAJUA. HAIRUDISHWI.