Koti la Studio

Mama Sabuni alikuwa bado anaanika mashuka ya watu wifi yake alipotokea uani, kavaa viatu vya kutokea na mkoba begani, utadhani wanakwenda harusini.

"We wifi, bado tu? Watafunga!"

"Shika huku tukamue, acha kelele."

Wakalishika shuka, mmoja huku mwingine kule, wakalisokota mpaka maji yakakoma kudondoka. Mama Sabuni akalitupia kwenye kamba, akachomoa vibanio mfukoni mwa gauni lake, akabana ncha. Vilikuwa vya mbao, vya zamani. Vya plastiki alishaachana navyo, vinakatika juani. Sabuni ya mche ilikuwa imepanda bei tena, na mche wenyewe umekuwa mfupi, naye hakuthubutu kuwagusia wateja habari ya kuongeza, maana baadhi yao walishanunua mashine na waliobaki walikuwa wanazitamani. Kuacha kazi katikati ya siku haikuwa mchezo. Ila leo ilikuwa ni leo tu.

Habari ililetwa jana na fundi viatu wa pale mtaani. Alikwenda makumbusho kupeleka viatu vya mteja, akaambiwa apitepite ndani, hakuna kiingilio, akarudi anacheka peke yake. Ukuta mzima umejaa picha za ile studio ya zamani ya sokoni, na yeye mwenyewe yumo, kijana, na nywele zake zote kichwani! Kisha akaacha kucheka.

"Na mwanao yumo, mama. Lakini uwahi. Kesho ndiyo mwisho, zinafungwa zinapelekwa ng'ambo."

Mama Sabuni hakuwa na picha ya mwanawe hata moja. Zilizokuwepo zilibebwa na maji pamoja na godoro, mwaka ule mtaa ulipofurika. Hii ya studio ilipigwa kijana alipomaliza shule. Kabla hawajaifuata, mwenye jengo akaipiga studio kufuli, vitu vyote vikabaki ndani, na mpiga picha akahama mji. Kijana akapata kibarua cha ujenzi, akaanguka kutoka ghorofani. Siku hizi mama mtu alikuwa anaamka alfajiri akijaribu kukumbuka pua ya mwanawe ilikaaje, na haipati.

Walipofika makumbusho, dada wa mapokezi aliwaambia waache mkoba.

"Na simu?" wifi akauliza.

"Simu ingia nayo. Usipige picha tu."

"Makubwa! Nyumba ya picha, na picha hazipigwi."

Ukumbi ulikuwa wa baridi na kimya, sakafu inang'aa. Kila picha ilikuwa na fremu yake na kioo chake, na juu yake taa ndogo. Mlinzi mmoja wa makamo alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Walipita polepole, wakawaona watu wa zamani wa mtaa wao wamesimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Wifi akaanza kubana kicheko kwa kiganja.

"Hebu ona. Huyu na huyu na yule kule. Wote wamevaa koti la mtu mmoja!"

Kweli. Koti jeusi la vifungo vikubwa, la studio, la kuazima. Muuza mkaa alikuwa nalo, fundi viatu alikuwa nalo. Na pale mwisho, karibu na dirisha, mtoto wa Mama Sabuni alikuwa nalo.

Mama Sabuni akasimama. Wifi akaacha kucheka.

Pua ilikuwa fupi, imekaa kidogo upande wa kushoto. Ndivyo ilivyokuwa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa.

Pichani koti lilimkaa sawasawa kama limeshonwa kwa ajili yake, lakini siku ile lilikuwa limemmeza. Alisema, "Mama, humu tunaingia mimi na wewe na chenji inabaki." Ndipo mama akazunguka nyuma yake, akatoa vibanio vyake mfukoni, akalikaza mgongoni na shingoni mpaka likamshika. Mpiga picha akasema, "Usigeuke, bwana mkubwa." Na kijana hakugeuka.

Afisa wa picha aliwakaribisha ofisini kwake kwa heshima, akawasogezea viti. Alikuwa kijana wa miwani, sauti ya chini.

"Pole sana, mama. Lakini hizi ni mali ya makumbusho. Tulizinunua kwa mwenye jengo, kwa halali."

"Sitaki ile ya ukutani, baba. Nakala tu. Hata ndogo kama ya kitambulisho."

"Nakala anapewa ndugu wa aliyepigwa. Hilo linawezekana kabisa." Mama Sabuni akakaa vizuri kwenye kiti. "Ila lazima tuhakikishe ni ndugu. Unatuletea picha nyingine ya huyo kijana, mkiwa pamoja, tunalinganisha."

Wifi akadakia. "Baba we, angekuwa na picha nyingine angekuja huku kutafuta nini?"

"Dada, utaratibu sikuutunga mimi."

"Nyuma ya lile koti kuna vibanio vyangu," Mama Sabuni alisema. "Mgongoni na hapa shingoni. Nilivibana mwenyewe." Akatoa kimoja mfukoni, akakiweka mezani. "Ndivyo hivi."

Afisa aligeuza kompyuta yake, akaifungua picha, akaitazama kwa muda.

"Haionyeshi mgongo, mama," akasema. Hakusema kwa dharau. Alisema kama anayesoma hali ya hewa.

Walipotoka, wifi alimshika mkono akamrudisha ukumbini.

"Wanataka picha mkiwa pamoja? Haya, simama hapo. Ubavuni pake."

"Dada, hairuhusiwi," mlinzi akasema akiinuka.

"Kaka, huyu ni mwanawe. Mimi ni shangazi yake. Tunaomba moja tu."

Mlinzi alimtazama Mama Sabuni, akaitazama picha ambayo alikuwa amekaa nayo tangu maonyesho yafunguliwe. "Masikio ni yako," akasema. Akageukia dirishani, akaanza kuangalia magari.

Wifi akapiga, akatazama simu, akasonya. "Umetoka wewe tu. Yeye kawa taa."

Ile taa ya juu ilikuwa imepiga kwenye kioo, na mahali pa uso pakabaki weupe. Mlinzi hakugeuka. Alinyoosha mkono ukutani, akabonyeza swichi. "Taa hiyo huwa inasumbua," akaliambia dirisha.

Ya pili ikatoka. Mama na mwana, bega kwa bega, yeye na gauni la kufulia, kijana na koti. Mama Sabuni aliishika simu kwa mikono miwili.

Ofisini, afisa aliivuta ile picha kwa vidole, akaikuza, akairudisha.

"Hii inaonyesha umesimama na picha, mama. Haionyeshi umesimama na mtu."

"Mtu yuko kaburini."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Halafu mle ndani hairuhusiwi kupiga. Ikionekana huko nje, wa kuulizwa ni mimi. Naomba uifute, dada."

"Sifuti ng'o."

"Basi itabidi nimwite mlinzi wa zamu aeleze ilikuwaje."

Wifi alifungua mdomo kujibu. Mama Sabuni alimgusa goti.

"Futa, wifi."

"Wifi!"

"Yule baba ana watoto wake. Futa."

Wifi akafuta, zote mbili, afisa akitazama. Akaonyeshwa na pale zinapokaa zilizofutwa, akafuta na pale. Afisa akashukuru. Akampa Mama Sabuni karatasi ya maombi, endapo picha zitarudi.

Wifi alikwenda kuchukua mkoba mapokezi, na sauti yake ikasikika huko ikimuuliza dada wa watu kama na mkoba nao unahitaji shahidi. Mama Sabuni alirudi ukumbini peke yake.

"Wamekupa?" mlinzi akauliza.

"Bado." Akasogea karibu na picha. "Kesho mnazisafirishaje?"

"Zinaviringishwa mablanketi, zinaingia makashani. Kisha uwanja wa ndege."

"Hajawahi kupanda ndege huyu."

Mlinzi akarudi kwenye magari yake. Mama Sabuni akatia mkono mfukoni. Akaishika fremu kwa chini, akaivuta kidogo kutoka ukutani, akapeleka mkono nyuma, kwenye waya wa kuning'inizia. Kibanio kikalia kidogo, kama mtu anayegonga ulimi. Akairudisha fremu, akaisawazisha kwa vidole mpaka ikakaa wima. Ukiitazama kwa mbele, hakukuwa na kitu.

"Lile koti ni kubwa," akamwambia mlinzi. "Lisije likamlegea huko."

Mlinzi akaitikia kwa kichwa. Taa hakuiwasha.