Kuku Kumi wa Kitambaa Cheupe

Kuku kumi walikuwa na kitambaa chekundu mguuni, kumi wengine cheupe. Wekundu walikwisha kupata tone la chanjo jichoni. Weupe hawakupata kitu. Juma lililopita Loyce, bibi mifugo wa Issuna, aliingiza bandani kuku mmoja mwenye mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kama maelekezo yalivyotaka. Asubuhi hii weupe watatu walikuwa wamepinda shingo.

Maelekezo yalitoka kwa kampuni ya dawa ya Dar es Salaam. Tangu biashara iwe huria, stoo ya serikali ilibaki na popo tu, na chanjo ikawa mali ya wenye kampuni. Nao walitaka uthibitisho kwanza. Fomu yao ilikuwa na safu ya SIKU YA KUFA, na chini yake onyo: kuku asiguswe mpaka afe mwenyewe. Fomu ikikubaliwa, chanjo ingefika kijijini kabla ya Agosti. Agosti iliyopita mdondo ulifagia Issuna nzima, hata jogoo wa kuwika hakubaki. Loyce ndiye aliyesimamia mashimo ya kuzikia.

"Hodi!" Damari, mjane wa jirani, alisimama nje ya wigo. Alikuwa ametoa mtetea wake kwa jaribio hilo.

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kishingo wangu ana kitambaa gani?"

"Cheupe, mama."

Damari alichungulia. Kishingo alilala ubavu, kichwa kikizunguka kana kwamba anatafuta kitu mgongoni.

"Atakaa hivyo mpaka lini?"

"Wengine siku mbili. Wengine nne."

"Na wewe unaandika."

"Naandika."

"Sisi hapa kuku akipinda shingo tunamwahi kwa kisu. Hata mchoyo humwahi. Nani anakaa kumtazama kiumbe akifa kibudu? Huko chuoni ulisomea kutazama, mwanangu?"

Chuoni Loyce alifundishwa kupima, na alikiamini kipimo. Bila hao weupe, nani angejua kama chanjo inafanya kazi? Hilo hakulikana. Lakini shingo ikishapinda, jibu limekwisha kupatikana. Zile siku mbili au nne za mwisho zilimfundisha nani, na nini?

Aliandika saa na dalili za kila mmoja. Kisha akanoa kisu. Alianza na Kishingo.

Juma lililofuata alifika Simeoni, wakala wa kampuni, pikipiki yake nyekundu kwa vumbi.

"Weupe wako wapi?"

"Nimewachinja. Kila mmoja siku aliyopinda shingo. Mizoga nimeichoma."

"Bibi Mifugo, umetuharibia! Safu ya kufa iko tupu. Kuku hawahawa tunawala, wewe unawalilia?"

"Wa mchuzi hufa kwa dakika moja. Fomu yako inataka siku nne."

"Kampuni itaikataa."

"Waikatae kwa maandishi, nami nitajibu kwa maandishi. Njoo kwanza uhesabu."

Bandani wekundu walikuwa wakichakura, wakigombea punje za mtama. Simeoni alihesabu, akarudia.

"Kumi."

"Na weupe wote kumi waliugua. Unataka kujua nini zaidi?"

Simeoni alikuna kidevu. "Mimi mpeleka karatasi tu, dada yangu. Sikuahidi kitu."

"Basi uipeleke ikiwa kamili."

Loyce alitandaza fomu mezani, nakala tatu zenye kaboni katikati. Alipiga mstari juu ya SIKU YA KUFA, akaandika SIKU YA DALILI, akajaza tarehe kumi. Chini aliongeza: *Nimewachinja mimi, kwa kuwa jibu lilikwisha kupatikana. Majaribio yajayo hapa Issuna yataishia hapo.* Kisha akatia saini, akikandamiza kalamu ili hata nakala ya tatu isomeke.