Dole Gumba Ukutani

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, fundi waliyemwita Taratibu alichomoa plagi ya meza ya rauta, mashine ya kuchonga kingo za mbao, ndipo akawasalimia watu. Ilikuwa desturi yake. Mashine ile imejificha chini ya meza, inachomoza kisu tu katikati, na kisu kikishika kasi hakionekani, kwa hiyo watu hukisahau. Akakitia kisu kwenye kishikio mpaka mwisho, akakirudisha juu unene wa ukucha, akakaza nati, akakizungusha kwa mkono kuona kama kinagusa popote. Akanyoosha ubao wa mwongozo. Vijiti vya kusukumia mbao akaviweka pale ambapo mkono huvifikia bila kutafuta.

"Shem, unafanya kazi au unaposa?" aliuliza mume wa dada yake, mwenzake wa meza hiyo. "Mimi dada yako sikumbembeleza hivyo."

"Ndiyo maana amenuna mpaka leo."

Jua likaingia dirishani, likavibandika vivuli vyao kwenye ukuta wa chokaa. Taratibu akahesabu vidole vya ukutani, kama walivyofanya wote kila asubuhi. Kivuli cha mkono wa kulia wa shemeji yake kilikuwa na vinne. Dole gumba halikuwepo.

"Limeshaondoka," alisema.

Shemeji akageuza mkono. Mkononi dole lilikuwepo, lina gundi kavu kwenye ukucha.

"Basi ni wiki hii," alisema, akaendelea kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Katika karakana ile kivuli ndicho kilichotangulia kupotewa na kidole, mwenyewe akafuata. Mpiga randa alifuata baada ya siku tatu. Mpiga msasa, mvivu wa kila kitu, alichukua tano. Ubishi uliokuwepo ni kama mtu akijihadhari vya kutosha anaweza asifuate. Hakuna aliyejua, maana kinga ya kisu, kile kifuniko cha plastiki kinachozuia mkono, ilikuwa ofisini kwa bosi. Alikuwa akiitumia kuwekea kalamu.

Taratibu akaenda kuiomba.

"Vitanda sitini vya bweni, Ijumaa," bosi alisema bila kuinua uso. "Kinga inachelewesha watu."

"Kivuli cha shemeji yangu hakina dole gumba, bosi."

"La mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mpe pole. Mwambie asikose kuja."

Jumanne Taratibu akaunda kinga yake kwa kipande cha plaiwudi. Saa nne bosi aliipitia, na kuanzia saa nne na dakika tano ikawa inazuia mlango wa ofisi usijifunge. Jumatano akasukuma mbao zote mwenyewe, shemeji akawa anapokea tu upande wa pili. Alhamisi bosi akasema kazi ya mtu mmoja haifanywi na wawili, akamhamishia Taratibu kwenye gundi.

"Kulia kwenda kushoto, shem!" Taratibu alipiga kelele kutoka kule. "Ubao upingane na kisu! Ukiupeleka kinakozungukia, kitaunyakua!"

"Nimemuoa dada yako, wewe sijakuoa!"

Saa tano bosi akapita tena. Alisema ubao ukifuata kisu huenda upesi zaidi, akasimama pale kungoja aone. Shemeji akaugeuza. Sauti ya mashine ikabadilika kidogo, kama mtu anayemeza.

Hospitali, dada mtu alimuuliza kaka yake swali moja.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye gundi."

Hakumsemesha tena.

Wiki mbili baadaye shemeji akarudi kazini na bendeji. Jua lilipoingia, kivuli cha mkono wake wa kulia kilikuwa na vidole vitano, na bendeji hakina. Vivuli vya waliokwisha kufuata vilikuwa hivyo vyote, vizima kabisa. Vya mpiga randa na mpiga msasa pia.

Siku hiyohiyo akaja mkaguzi wa usalama kazini. Bosi akawapanga mafundi wanane wakilipa mgongo dirisha, mikono juu. Mkaguzi akahesabu ukutani kwa ncha ya kalamu, polepole, bila kuigeukia mikono yenyewe.

"Themanini," alisema. "Karakana safi. Sasa kila mmoja aweke alama ya dole gumba la kulia kwenye karatasi hii, kuthibitisha hajaumia."

Zamu ya shemeji ilipofika, aliinua bendeji.

"Mzee, langu halipo."

Mkaguzi akatazama ukuta. "Mbona lile pale?"

Akaiegemeza karatasi kwenye chokaa. Kivuli kikasogeza mkono, kikakandamiza. Wino haukuhitajika. Alama ilitoka safi, mistari yote, na katikati kovu dogo la patasi ambalo Taratibu alilifahamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelifunga jeraha kitambaa siku patasi ilipomkata shemeji.

Mkaguzi, kwa mazoea, akaipuliza karatasi ikauke.

"Anayefuata," alisema, na Taratibu akasogea.